Sahani Mbili za Lenga-lenga Mbele ya Bourgmestre

Lubumbashi, nyumbani kwa Mama Chantal, komine ya Annexe

Asalam aleikum, Mama yangu,

Magoti yanaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyotuma huko Kasongo ilikufikia, au dada Mwajuma ameifanya yake? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na furaha imenijaa. Ramazani, mdogo wangu, msomee Mama polepole na usiruke hata mstari mmoja!

Mama, uliniuliza kazi yangu hapa ni nini hasa, nikashindwa kukujibu. Ni hivi: kuna wataalamu wenye akili nyingi, lakini wakifungua kinywa hakuna anayewaelewa. Mimi nawafundisha kusema na watu wa kawaida na wakubwa wa serikali. Mtaalamu wangu ni Docteur Mwape, mpima udongo, mtu mpole, kila neno lake lina "pengine" mbele na "huenda" nyuma. Amepima bustani za mboga za huku kwetu. Za bondeni, kijito kinakofurika, udongo wake una madini mabaya kwa mwili. Za juu ni salama.

Sasa sikia balaa nililolifanya. Kabla hajaingia redioni nilimbana: "Docteur, fupisha! Neno moja, watu walishike." Akasita, nikakazana. Basi akasema mboga za Annexe zina sumu. Nikampigia makofi, mjinga mimi! Kesho yake sokoni hakuna aliyegusa fungu, la juu wala la bondeni. Mama Chantal, mwenye nyumba wangu, analima kule juu, na bustani ndiyo inayomlisha na wajukuu wake. Alirudi na beseni limejaa lenga-lenga, mchicha wa huku, akalitua mlangoni pangu.

"Zuhura, lenga-lenga yangu iko na kosa gani? Njo weye ulimufundisha docteur kusema vile mu radio?"

"Njo" ya huku ni "ndio" yetu, Mama, na kweli ni mimi. Tangu hapo hakunisemesha. Mara tukasikia bourgmestre, mkubwa wa komine, yaani wa mtaa wetu mzima, anataka kufunga bustani zote, na ameita mkutano baada ya siku mbili.

Asubuhi ya mkutano Docteur alinitandazia makaratasi yake, mistari juu ya mistari. Nikamwambia haya yatatuzamisha. Ndipo nikakukumbuka wewe kwenye arusi, Mama: unavyochota kijiko cha kwanza na kula mbele ya wageni, na mchuzi usiouamini unavyourudisha jikoni bila aibu. Nikamuuliza, "Mboga za juu, wewe unazila?"

"Nakula kila juma," akajibu, bila "pengine" hata moja.

"Na za bondeni?"

Akatikisa kichwa. Nikakimbilia jikoni kupika sufuria mbili, moja ya juu, moja ya bondeni.

Mkutanoni alianza vizuri, kisha akarudia Kifaransa chake kirefu. Bourgmestre akamkata: "Docteur, iko muzuri ao iko mubaya?" Nikafunua sahani zangu. Docteur akanawa, akamega bukari, ugali wa huku, akala lenga-lenga ya juu. Akala, Mama, akaongeza! Bourgmestre, na njaa zake, akavuta sahani ya pili. Wallahi, Docteur alimdaka mkono mbele ya watu wote!

"Hapana, Chef. Hii inatoka kule chini. Mara moja haiwezi kukuua. Lakini batoto bangu, siwezi kubapatia kila siku."

Halafu maswali yakamiminika: mpaka uko wapi? Maji yanafika wapi? Tukatoka wote hadi bustanini, bourgmestre na viatu vyake vya kung'aa matopeni, vijiti vya mpaka vikachomekwa palepale. Bustani za juu hazifungwi! Wamama wa bondeni wamepewa kiwanja nyuma ya ofisi ya komine. Na mimi nilirudi redioni nikasema kosa lilikuwa langu.

Nisalimie dada Mwajuma mwizi wa dawa, mjomba fundi cherehani, na shangazi anayekusaidia kupika. Waambie kijiko chako kimefika Lubumbashi.

Asubuhi hii nimefungua mlango, nikakuta beseni lile lile. Safari hii tupu, isipokuwa fungu moja lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Mama Chantal alikuwa amesimama uani. "Ile njo yako," akasema. "Ingine yote imeisha ku soko." Nikalia kama mtoto, Mama.

Mwanao anayekupenda,
Zuhura