Firigisi Niliyoificha Kabatini

Baba yangu mpendwa,

Nyumba yako ya Kitale imepata mnunuzi. Nimetaka uyasikie haya kwangu kabla Wafula hajafika hapo kaburini kwako Bumula kujisifu, maana unamjua kaka yangu: akibeba kikapu atakwambia alibeba gunia.

Magoti ya Mama yamekataa ngazi, naye anasema ghorofa ni ya watu wenye miguu. Amehamia Bumula, karibu nawe, anafuga kuku na kugombana na majirani kwa raha zake. Wafula alikubali tuuze, Mama akakubali. Nilibaki mimi, na mimi sikutaka. Ulijenga chumba baada ya chumba kwa mahindi uliyouza sokoni Kitale. Roshani ilipokuwa bado haina vyuma, ulinishika mkono tukatazama Mlima Elgon, ukasema chumba kile ni changu hata nikiolewa. Neno hilo nililishika, Baba.

Lakini nilichokipenda zaidi ni meza. Kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa yako, mwenye nyumba, na Kukhu, mama yako, alikaa macho kuhakikisha hakuna msichana anayeionja. Wewe ulikata nusu ukaipitisha chini ya meza.

"Kula mbio, mama," ulininong'oneza. "Ukiulizwa, sema ni maini."

Mpaka leo sijui kama Kukhu alidanganyika kweli.

Basi Jumamosi mnunuzi akaja: mwalimu kutoka Bokoli, mkewe, na binti yao wa miaka saba hivi. Mama alileta jogoo, mimi nikapika. Hapo nikafanya jambo la aibu. Niliitoa firigisi kwenye sufuria nikaificha ndani ya kikombe kabatini. Unajua mwenyewe kwamba mgeni akiandaliwa kuku bila firigisi ametukanwa. Nilitaka akasirike, aende zake, nyumba ibaki.

Mwalimu alichukua kijiko akageuza vipande vya nyama. Akavigeuza tena. Wafula akaanza kutoka jasho. Mama hakuangalia bakuli hata kidogo, aliniangalia mimi.

"Dada," mwalimu akasema kwa upole, "si hii kuku ilikuwa na firigisi?"

Ningeweza kusema paka ameila. Nikamwambia ukweli, kwamba ninayo, na nimeificha kwa sababu sitaki mtu anunue nyumba ya baba yangu. Wafula alishika kichwa. Mwalimu akaweka kijiko chini.

"Sasa ilete tu," akasema. "Hiyo ingine tutaongea tukishiba."

Nikaileta. Aliikata, akala nusu. Halafu nikaona mkono wake ukishuka chini ya meza, na punde yule binti akaanza kutafuna, mdomo ameufunga kabisa, macho ameyaelekeza darini kama mtu asiyejua lolote.

Nililia, Baba. Mkewe aliponiuliza nikasema ni moshi, na jiko letu ni la gesi.

Nilitia sahihi Jumatatu. Sikufichi, bado inaniuma, na nikipita barabara ile nitageuza uso kwa muda. Nakukumbuka sana, hasa nikiwa nimepika vizuri na hakuna wa kunisifu kupita kiasi. Lakini nyumba imepata baba, na hilo ndilo nililokuwa nikiogopa kulikosa bila kujua.

Meza na viti tumewaachia. Jumamosi ile kabla hawajaondoka nilimvuta yule mtoto pembeni, nikamwonyesha kiti cha upande wa dirisha. Nikamwambia akikaa hapo, hata bibi yake akija kuwatembelea, hataona kitu.

Pumzika, mwenye nyumba. Krismasi nakuja Bumula, na firigisi nitaila juu ya meza, mbele ya watu wote. Mama ameshakubali. Ni Wafula tu anayenung'unika.

Binti yako uliyemlisha kwa siri,
Nekesa