Nilichohesabu Nikiwa Kwenye Kamba

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako, mtu mwenye bahati kuliko wote katika ukoo wetu, waliopo na waliotangulia. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na shemeji ameacha kubishana na redio. Mimi ni mzima kama chuma. Hata mashavu yamejaa kidogo, jambo uliloapa kwamba halitatokea mpaka kiama. Maana ile kazi ya kuning'inia nikisugua vioo, dada, nimeiaga. Sasa nina ofisi ghorofa ya kumi na nane, meza ya kioo, kiti cha kuzunguka, na nikitaka upepo nabonyeza tu. Kwenye lifti watu wananiuliza tunapanda mpaka wapi mkubwa, nami naonyesha kwa vidole bila kufungua mdomo, kama mtu aliyezaliwa humo. Yule mwalimu aliyesema darasa la sita ndilo kaburi langu, mfikishie salamu zangu za pekee.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa nimesimama. Umesema Mama Vifungo alikupigia simu akilia kwamba uchochoro wao umefungwa, nawe ukamwambia apanguse machozi kwa sababu mdogo wako ni mkubwa katika jengo lile lile. Umeniagiza nimtafute huyo mtu aliyeandika kwamba uchochoro hauna watu, nimkamate shati, nimuulize alikuwa amelewa nini. Dada, wewe ukiagiza huwa huagizi nusu.

Ngoja nikueleze uchochoro wenyewe, maana wewe na Mama Vifungo mlijifunzia cherehani huko nyumbani, na hapa hujawahi kufika. Jengo letu ni la vioo kuanzia unyayo mpaka utosi. La jirani ni la saruji, refu vile vile. Ukiwa barabara kuu utadhani yamegusana mabega. Lakini ukizunguka nyuma utakuta ufa, upana wa watu wawili wenye adabu, yaani kila mmoja anabana tumbo mwenzake apite. Humo ndani alikuwepo fundi viatu, alikuwepo mchonga funguo ambaye hakuwahi kumaliza hadithi hata moja, na katikati Mama Vifungo na cherehani yake na makopo ya vifungo, arobaini na kitu, kila kopo na rangi yake. Juu yao viyoyozi vya majengo yote mawili vinadondosha maji mchana kutwa. Wageni walilowa. Wenyeji walijua kila tone linaanguka wapi, na Mama Vifungo aliliwekea moja ndoo, akapata maji ya kupigia pasi.

Na wateja walikuwa ni hao hao wa ghorofani. Saa sita ikigonga wanashuka kwa ngazi za nyuma, mmoja kisigino mkononi, mwingine suruali imepasuka mahali pasipotajika. Mkurugenzi mzima nimemwona amesimama uchochoroni amejifunga gazeti kiunoni, anasubiri zipu. Fundi viatu alizoea kusema kwamba majengo yale yanasimama kwa sababu wao wanayashikilia kwa uzi na gundi, na sijamsikia mtu wa juu akimkanusha.

Kasoro yao ilikuwa mwanga. Jua liliingia mle saa sita tu, likakaa kama mgeni asiyetaka chai, likaondoka. Mama Vifungo kitambaa cheusi alikuwa akikishona saa hiyo tu, maana macho si yale ya ujana wenu. Sasa mimi, wakati huo nikiwa kwenye kamba na wenzangu wananiita Buibui, nikagundua kwamba kioo cha ghorofa ya sita kikiwa safi kabisa kinapokea mwanga wa angani na kuutupa chini, juu ya meza yake. Basi kila asubuhi nikaanza na kile. Naye mchana nikipita ananiambia kwa sauti Mungu akuongezee kamba, mwanangu. Nilijisikia kama mimi ndiye niliyeliumba jua.

Nisisahau kwamba hata kazi ile aliniombea yeye. Nilifika hapa na barua yako mfukoni na begi lenye shati moja. Akaliweka begi chini ya meza yake, akazungumza na mteja mmoja aliyekuwa anapunguziwa suruali, na wiki iliyofuata nilikuwa hewani.

Sasa sikia. Msimamizi wa jengo letu tunamwita Bwana Tai, nawe chagua mwenyewe kama ni ile ya shingoni au yule wa angani. Siku moja aliniita nikiwa bado na mikanda kiunoni, akanikalisha, akaniletea chai yeye mwenyewe. Akaeleza kwamba wenye jengo wanataka uchochoro uwe sehemu ya kiwanja chao, waweke jenereta na mapipa ya taka. Mji hauna kipingamizi ila unadai ushahidi kwamba njia haitumiki, na ushahidi huo utolewe na mtu anayeiona kila siku. Akaniuliza ni nani anayeuona uchochoro ule kuliko mtu anayening'inia juu yake. Nikacheka. Nikasema hakuna. Akanipa fomu yenye visanduku kumi na vinne, kimoja kwa kila siku, niandike idadi ya watu niliowaona nikiwa kazini.

Hapa nikufundishe kidogo siri ya kazi, kwa sababu dhambi yenyewe imejificha humo. Msafisha vioo hufuata kivuli. Jua likipiga kioo, sabuni hukauka kabla hujaivuta, ukabaki na michirizi kama kamasi. Kwa hiyo upande wa uchochoro huoshwa alfajiri, na jua likikaribia tunahamia upande wa barabara. Saa sita, uchochoro unapofurika, mimi na kamba yangu tuko ng'ambo ya jengo, tunatazamana na mabango. Alfajiri je? Mafundi bado wako majumbani. Paka. Na siku nyingine mtu aliyepotea njia.

Nikajaza. Siku ya kwanza, mmoja. Ya pili, hakuna. Ya tatu, wawili, na mmoja wao alikuwa anatafuta pa kujisaidia. Sikuongeza wala sikupunguza, kila nilichoandika nilikiona. Katika maisha yangu sijawahi kusema ukweli kwa bidii namna ile. Bwana Tai akausifu mwandiko wangu, huu huu ambao mwalimu aliufananisha na kuku aliyekimbizwa, akasema mtu mwenye macho kama yangu hapaswi kubaki kwenye kamba, huko juu kuna nafasi. Nikatia sahihi.

Unaweza kuniuliza kama sikujua. Nilijua, dada. Siku hiyo hiyo niliyotia sahihi nilishuka saa sita nikapita uchochoroni ubavu ubavu kwa jinsi watu walivyojaa, nikakaa kwenye benchi la Mama Vifungo, nikamega mkate wake. Kalamu niliyoandikia ilikuwa mfukoni, na mfuko huo alikuwa ameushona yeye.

Geti lililetwa asubuhi moja, la bati zito, huoni ndani. Walipewa siku moja kuhama. Mchonga funguo sijui alikokwenda. Mama Vifungo yuko kona ya barabara kuu, mwanga anao mpaka wa kuugawa, na vumbi, na askari wa mji wanamwinua mara mbili kwa siku na cherehani yake. Vifungo vimechanganyika. Huko ghorofani wanawake wanatembea wamejibana kwa pini.

Jumapili iliyopita alikuja chumbani kwangu. Aliniletea shati langu la buluu, kola ameigeuza, huwezi kujua kama iliwahi kuchakaa. Akaniomba nizungumze na hao wa juu kwa niaba yake. Akasema hana kinyongo na aliyeandika, pengine ni mtu ambaye hajawahi kupita pale akaona. Nami nikamjibu kwamba nitamtafuta mtu huyo. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, dada, nimeshika shati.

Basi mtu unayetaka nimkamate, shati lake ninalo mwilini. Ni mimi. Hakuna mwingine, Bwana Tai hakunishika mkono, na wala sikuwa nimelewa. Mama Vifungo ananiita mwanangu, nami nimemuuza kwa kitu ambacho hata sijui kukitaja.

Jumatatu nilikwenda kwenye ofisi ya mji. Kuna karani pale, mwanamke mkali, miwani imefungwa kwa uzi. Alinieleza kwamba pingamizi zinapokelewa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Nikaandika karatasi nyingine kwa mkono wangu. Nimesema nilihesabu alfajiri tu, na kwamba nilifanya hivyo nikijua. Nimesema pia kwamba tangu geti lifungwe nimehesabu upya, saa sita mchana, siku kumi za kazi, na watu mia moja na themanini na sita wamefika kwenye geti lile wakiutafuta uchochoro. Karani aliisoma, akanitazama, akaniuliza kama naelewa kwamba nakala itakwenda kwa Bwana Tai. Nikasema naelewa. Kama geti litafunguliwa hakusema. Kazi yangu mimi, hiyo sihitaji karani aniambie.

Usimwambie Mama Vifungo kwa simu. Jumapili hii nitakwenda mwenyewe, nikae chini, nimwambie nikimtazama. Nimeanza na wewe kwa sababu ukinipiga uko mbali. Akinifukuza atakuwa na haki. Asiponifukuza sijui nitauweka wapi uso huu.

Nisalimie shemeji, watoto, na jirani wa ukuta kwa ukuta. Goti ulifunge kitambaa cha moto, usiniletee ubishi. Nami usiniombee bahati safari hii, niombee mdomo wangu usigeuze maneno njiani.

Na kuhusu ile ofisi, dada, sina, sijawahi kuikanyaga ghorofa ya kumi na nane ila kwa nje. Kazi niliyopewa ni kulinda lile geti. Nakaa ndani yake, kwenye kiti cha plastiki katikati ya mapipa, pale pale cherehani yake ilipokuwa, na saa sita watu wakigonga na kumuulizia Mama Vifungo, nanyamaza mpaka waondoke.

Mimi mdogo wako,
Buibui