Malkia Hasimami Tena

Shauri Moyo, Nairobi

Dada yangu Nasimiyu,

Mmeamkaje hapo Bungoma? Mgongo wa Baba umepata nafuu? Sisi huku tunapumua, lakini ndani tumeisha. Kwenye simu nikianza kuongea nalia tu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unajua vile nimewachosha na sifa za Wafula wangu, eti pale kwenye mazizi anakotunza farasi ni yeye pekee Malkia anamkubali, yule farasi wa kuruka viunzi. Na ni kweli! Wengine wakimkaribia anarusha mateke. Wafula akipiga mluzi anainamisha kichwa apakwe mafuta kwato. Hata majirani hunitania, "Mama Farasi, mbona sokoni Gikomba unaenda kwa miguu?" Nacheka, najiona mtu.

Sasa Wafula alitaka Malkia anone kabla ya mashindano. Akawa anampa pumba kila siku, vile sisi hunonesha ng'ombe huko nyumbani. Farasi akazipenda sana. Baadaye akaanza kuchechemea, leo mguu huu, kesho ule. Wakamkagua kwato, wakabadilisha viatu vya chuma, wasione kitu. Wafula kwa huruma akamwongezea pumba.

Kumbe, dada, pumba nyingi humwibia farasi mifupa! Daktari anasema mwili hukosa chokaa, ile kalsiamu, basi unaitoa kwenye mifupa yake wenyewe. Juzi Malkia aliruka kiunzi kifupi tu, mfupa wa juu ya ukwato ukavunjika. Kesho asubuhi anachomwa sindano ya mwisho.

Wafula hali chochote. Nikamwambia, "Wafula, acha mtu mwingine ashike kamba."

"Mathe, mwingine akishika, Malkia ataogopa."

"Lakini hukujua, mwanangu."

"Yeye ndiye hakujua. Mimi ndiye nilikuwa namlisha."



Mwenye farasi hajamfukuza. Amemwambia pole tu, afadhali hata angemtukana. Kijana anasema hatagusa mnyama tena maishani. Hiyo ndiyo inaniua, Nasimiyu, kwa sababu ile mikono yake nimeiona ikimtuliza Malkia.

Akikupigia simu, usimwambie yatapita. Msikilize tu, hata akinyamaza.

Nisalimie Baba, shemeji na ng'ombe wake, na mama mchungaji, mwambie atuombee.

Ni mimi mdogo wako, mama yake Wafula, na jina hilo bado nalisema kwa sauti, bila aibu.