Minyaa Yako Imebaki, Mtani

Mtani wangu Nyamizi,

Usidhani kwa kuwa umetangulia ndiyo nitakuamkia shikamoo. Ng'o! Sisi ni rika moja, na Mzaramo hamwamkii Mnyamwezi aliyekuwa anakula michembe peke yake huku mwenzake anatazama. Nakuandikia nikiwa kwenye baraza ya jumba kubwa, pale tulipokuwa tunapumzika baada ya kufagia bustani. Kikombe cha chai ni kimoja. Sijazoea.

Habari za hapa ni njema. Mvua zimeanza. Watu wanaingia kwa lango kubwa bila kuulizwa wewe ni nani, maharusi wanakuja kupigwa picha kwenye waridi, na wanafunzi wanakuja kusoma vibao vya majina ya miti. Juzi mwalimu mmoja aliniomba niwaeleze watoto historia ya mahali hapa, maana wewe ndiye uliyekuwa ukieleza. Nikaanza kwa Kiswahili cha adabu: jumba lilijengwa na Mzungu tajiri, akaleta miti kutoka kila pembe ya dunia, baada yake wakaja wengine, kisha jumba likabaki la popo, mpaka lilipofanywa bustani ya watu wote. Nikasikia kabisa sauti yako: "Anzia mwanzo, we Mzaramo!"

Nikaanza upya, na minyaa, ile miti ya utomvu ya kuzungushia ua.

Nikawaambia kwamba kabla ya jumba palikuwa na kaya ya bibi yake bibi yako, imezungushiwa minyaa kama kaya nyingine za Unyamwezi, na njia ya misafara ilipita ubavuni. Wapagazi waliotoka upande wa Tura walitua mizigo yao hapo, na bibi akawauzia michembe, vile viazi vyenu vikavu. Sikuruka hata kile kipande chako cha uongo, kwamba mpagazi mmoja wa Kizaramo aliiba michembe akatimua mbio, na huyo ndiye babu yangu, ndiyo maana nina miguu mirefu. Watoto walicheka, mwalimu naye akacheka. Kisha nikawaambia yaliyobaki: kaya iliondolewa, Mzungu akang'oa minyaa apande waridi, na kipande kimoja kila kiking'olewa kinachipua. "Akachoka yeye," ulikuwa unasema. Hicho kipande ndicho kitu pekee cha kwenu kilichobaki humu ndani.

Na nusura kiondoke. Uliumwa huku ukiviwaza vile vigingi vya njia mpya ya matofali, vilivyopita katikati ya minyaa. Ulimwomba Masanja aipindishe njia. Msimamizi wa bustani, na mtoto wa kaka yako, nani mwingine ungemwomba? Akakujibu kwa upole, "Shangazi, watasema naipendelea kaya yetu." Hukumlaumu. Ulirudi barazani ukakaa kimya, wewe ambaye hata ukila unaongea, na mimi nikaogopa kuliko siku uliyolazwa.

Sasa sikia nilichofanya siku ya kukuzika, maana ulikuwa umelala.

Nilikuja kwako Gongoni nimevaa kofia yako ya kazi na buti zako. Nilitembea kama wewe, mkono kiunoni, nikiwafokea waombolezaji wasikanyage maua, wakati uani kwako hakuna hata jani. Dada zako walicheka huku wanalia. Wakati wa kukutoa ulipofika nikajilaza mlangoni, mtu asipite. Wakanipa hela ya soda, nikaitupa. Wakaniuliza, "Haya, mtani, unataka nini?"

Nikasema nataka minyaa. Yote, pamoja na ardhi iliposimama. La sivyo mtapita juu ya tumbo langu, na mnaliona lilivyo!

Masanja alikuwa amekubeba mbele upande wa kulia. Akanitazama pale chini. Nyamizi, utani ni utani, lakini mimi nilikuwa naomba kweli. Kisha akacheka, machozi yanamtiririka, akasema mbele ya watu wote, "Chukua, mtani. Mliiba michembe, ibeni na ua." Nikainuka, ukapita.

Wakubwa wake walipokuja kumuuliza kwa nini njia imepinda, aliwajibu, "Ile ni mali ya mtani, aliichukua msibani." Hakuna aliyebisha. Nani ataanza kudai alichochukua mtani msibani? Njia inatoka langoni imenyooka, ikifika kwenye minyaa inaizunguka, halafu inaendelea hadi jumbani. Nayo minyaa imewekewa kibao kama miti mingine. Kimeandikwa jina lake, na chini yake: Hapa palikuwa na kaya.

Nakuahidi hili: kila mvua zikianza nitaipogoa mimi mwenyewe, na kila wageni wakija nitaanzia mwanzo, hata na yule babu yangu mwizi. Lala salama, rafiki yangu. Nakupenda, na sikuwahi kukwambia kwa sababu ungenicheka mwaka mzima.

Leo asubuhi nimeipogoa kwa mara ya kwanza bila wewe. "Usijiguse macho," ulikuwa unanikumbusha kila mara, kwa ukali wa utomvu wake. Mtani halii msibani, nami siku ile sikudondosha hata tone. Masanja amepita hapa sasa hivi, akanitazama usoni, akaniuliza nina nini.

Nimemwambia ni utomvu.

Mtani wako,
Mwajuma