Nilichowaficha Madiwani

Garland, Texas

Mdogo wangu Prudensia,

Mguu umepona. Usicheke mwandiko, herufi nimejifunza uzeeni.

Jumanne akina mama wa kanisa walinipeleka kwa madiwani wa jiji, niwaombe wafunge vyumba vya mashine za kamari. Nilifoka mpaka wakapiga makofi. Diwani mmoja akauliza, "Bibi, humo ndani umepajuaje?" Nikajibu, "Nasikia tu kwa watu."

Mwongo mkubwa mimi! Siku ya kuanua matanga ya mume wangu niliwaacha wageni sebuleni, nikasema nakwenda kununua chumvi. Nilikaa kwenye mashine mpaka wote wakaondoka.

Jumanne ijayo tunaitwa tena. Nitawaambia mcheza kamari ni mimi mwenyewe. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate pa kukimbilia. Nitukane utakavyo, halafu uniombee.

Dada yako akupendaye,
Flaviana