Acha Kidonda cha Jani Kikauke

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Igowole baridi inatuuma lakini tupo, na kikohozi cha babu yako kimepungua. Unauliza kwa nini yale majani manene uliyovunja kwenye ua langu yanaoza huko Mbeya.

Tulipohamishiwa kijiji hiki, miaka ya sabini, nilikuja na jani moja la ua la mama. Nilitaka kulipanda kabla ya kushusha vyombo. Mama mkwe akalichukua, akaliweka kivulini juu ya jiwe.

“Acha kidonda kikauke kwanza, mwanangu.”

Sikutulia. Nilifagia, nikachungulia, nikafagia tena. Mizigo yangu niliiacha imefungwa, nikiwaza kurudi kwetu. Jani lilipotoa kamzizi, nikaifungua.

Basi yaache kwanza yakauke pale ulipoyavunja, ndipo uyapande. Na usiyafukue kuangalia. Najua unayafukua, mikono hiyo umeirithi kwangu.

Bibi yako