Vyungu vya Baba Roshanini

Schagen,
Uholanzi,
11 Aprili 2019

Mpendwa mdogo wangu Auke,

Hamjambo huko Nyuzilandi? Mgongo wako umepata nafuu? Wifi yangu Moana na watoto nao? Sisi tu wazima, ila mafua yamenishika na pua imekuwa nyekundu kama nyanya.

Sasa nikupe habari za Baba. Tangu tuuze shamba la maua akahamia kwangu ghorofani, alikuwa akishinda kitini akitazama ukuta. Chakula anadonoa tu. Niliogopa, Auke. Nilidhani anatuaga.

Mwezi wa kumi nikanunua matunguu ya maua, tulipu na narisi, nikaanza kuyapanda kwenye vyungu roshanini. Baba akaja mlangoni na fimbo yake.

"Trijntje, maua kwenye sufuria? Unapika supu?"

"Napanda, Baba."

"Vichwa chini, miguu juu? Yataota kwenye dari ya jirani!"

Akanisukuma kando. Tulipu akazizamisha chini kabisa, akatia udongo, juu yake akapanga narisi ili zitangulie kuchanua. Jioni hiyo alikula mabakuli mawili na kuulizia la tatu.

Mwezi wa kwanza ikaja baridi ya kupasua mawe. Asubuhi moja nikakuta kitanda chake kitupu. Kumbe yuko nje na nguo za kulalia, anavifunga vyungu kwa blanketi lake na koti langu jipya la sufu! Nikamgombeza mpaka sauti ikakauka.

"Wewe koti la nini?" akasema. "Hasira zako zinatosha kukutia joto."

Kutoka nje huko kulimponza. Alilala na kikohozi kibaya, na mimi nikawa simtazami yeye wala vyungu bila hofu. Lakini daktari alipokuja, mgonjwa alichouliza ni kama barafu ya vyunguni imeyeyuka.

Akapona. Narisi zikatoka njano tupu, na sasa tulipu zimechanua, nyekundu mpaka macho yanauma. Bi Hylkema, jirani wa chini, hupanda ngazi na mkate wa tangawizi, eti kuja kutazama maua. Baba siku hizi anachana nywele.

Wajua kwamba tangu ulipolikataa shamba ukaondoka, Baba hajawahi kutamka jina lako, nami sikuthubutu kulitaja. Jana alikuwa anamwagilia, akaniuliza bila kugeuka:

"Kwa Auke sasa ni majira gani?"

"Majani yanapukutika, Baba. Baridi inakaribia."

Akaendelea kumwagilia. "Basi ndio wakati wa kupanda. Mwambie atafute vyungu. Akikwama apige simu. Aniulize mimi, sio wewe."

Nilikimbilia jikoni nikajifanya nakata vitunguu.

Piga, mdogo wangu. Nambari ni ileile. Tangu jana amehamishia kiti chake kando ya simu, anadai anafuata jua.

Nibusie Moana na watoto. Mungu awafunike, na mikono yenu ioteshe kila mtakachokishika.

Dada yako akupendaye siku zote,
Trijntje